Usiniulize hoteli gani, niulize saa ngapi

Swali: Shikamoo Bi. Nimehamishiwa Mombasa kikazi, huu ni mwezi wangu wa tatu hapa, nakaa Tudor. Mwezi huu wa nane wakwe zangu wanakuja kututembelea kutoka Kitale. Hawajapata kuiona bahari. Watashuka kwenye treni Alhamisi saa mbili usiku na kuondoka Jumatatu asubuhi. Niliwauliza wenzangu kazini niwapeleke wapi kula. Watu tisa wakanipa hoteli kumi na moja, na kila mmoja akaiponda ya mwenzake. Baba mkwe ana sukari. Mama mkwe anasema chakula cha Pwani kina viungo vingi mno. Mfuko wangu nao si mrefu. Nimwamini nani, na niwapeleke wapi?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Umechelewa kukaribishwa, lakini karibu Mombasa.

Nimekaa jikoni miaka 31, mwanzo kwenye hoteli za watalii huko Bamburi, kisha kwenye masufuria ya harusi hapa Mji wa Kale. Nikwambie jambo moja kuhusu hao wenzako tisa: sidhani kama kuna aliyekudanganya. Tangu nikiwa mtoto wa kutumwa mahamri nawasikia watu wa mji huu wakigombana juu ya hoteli, na mara nyingi wote wawili husema kweli. Aliyeisifu biriani ya mahali fulani aliila Ijumaa saa nane, sufuria imefunuliwa sasa hivi. Aliyeiponda aliila Jumanne saa kumi na moja jioni, wali umekauka na rojo limepashwa mara ya tatu. Jiko ni lile lile na mpishi ni yule yule. Chakula chetu ni kama maji ya bahari: yakijaa yamejaa, yakitoka utakanyaga matope.

Kwa hiyo mtu akikutajia hoteli, muulize maswali mawili tu. Ulikula nini? Ilikuwa saa ngapi? Akijibu kwamba pale kila kitu ni kitamu, mshukuru uende zako. Sijaona jiko la Mombasa ambalo kila kitu chake ni kitamu, na langu nalihesabu humo. Mwenye ulimi atakwambia, "Nenda pale kwa mishkaki, tena baada ya magharibi, lakini juisi yao usiiguse." Huyo mshike. Na mtu akiiponda hoteli, msikilize anaponda nini. Wengi hawakuudhiwa na chakula. Waliudhiwa na kungoja, au na mhudumu aliyekuwa akitazama simu. Hayo ni makosa, ndiyo, ila hayakwambii lolote kuhusu mchuzi.

Sasa tuwalishe wakwe zako, tukifuata saa.

Alhamisi wakishuka Miritini saa mbili, mtafika kisiwani kwenye saa tatu, wamechoka na tumbo limejaa biskuti za treni. Usiku Mombasa hula vya makaa. Wapeleke Tarboush, pale Makadara Road, mkae nje. Moshi utawapata kidogo, ndio raha yenyewe. Agizeni mishkaki, kuku wa tikka na naan, kila kitu sahani moja moja kwanza, mtaongeza. Mishkaki mizuri hukatwa midogo, kama ncha ya kidole gumba, ikalazwa kwenye papai bichi, tangawizi, thomu (kitunguu saumu) na ukwaju, na ukiuma haikuvuti meno. Ikikuvuta, nyama ililazwa saa moja badala ya kutwa nzima. Mwambie mhudumu pilipili ije kando. Samaki usiwape usiku huo; nitakwambia kwa nini.

Hapa nisimame kwa ajili ya mama mkwe. Wageni wengi wa bara huchanganya viungo na pilipili. Chakula cha Waswahili kina viungo vya kunukia: iliki, mdalasini, karafuu, na uzile, yaani bizari nyembamba. Ukali hauko ndani ya sufuria, uko kwenye kibakuli kando ya sahani, na kila mtu hujitia atakacho. Nina hakika mama mkwe alipata kulishwa pilau ya mtu aliyetia uzile kwa kijiko cha kupakulia, ukageuka uchungu, na tangu hapo anaiogopa Pwani yote. Usimwanzie pilau. Mwanzie wali wa nazi na mchuzi wa samaki au kuku wa kupaka, harufu ya nazi iwe mbele na viungo nyuma. Siku ya tatu ataomba pilau mwenyewe.

Ijumaa asubuhi ndiyo asubuhi ninayotaka usiipoteze. Waamshe. Saa moja mwe mmefika Mji wa Kale, Kibokoni au vichochoro vya karibu, mtafute mahamri na mbaazi. Usitafute kibao, vyakula vingine vya mji huu havina jina wala namba ya simu. Kuna mama ameketi mlangoni, karai mbele yake, sufuria ya mbaazi imefunikwa kitambaa, na watoto wa mtaa wamepanga foleni na mabakuli yao. Foleni ya watoto ndiyo kibao. Mtoto ametumwa na mama yake, na mama yake anajua.

Hamri usilile zima. Lipasue kwanza kwa vidole. Ndani liwe wazi kama mfuko, mvuke utoke na iliki ipande puani kabla hujaweka kitu mdomoni. Likiwa limejaa unga, halikuumuka, lilikandwa usiku sana na kusukumwa mapema. Mafuta yakikutiririkia vidoleni, karai halikuwa na moto wa kutosha: hamri linaloingia kwenye mafuta ya uvuguvugu hunywa badala ya kufura. Kisha mbaazi. Ziwe zimelowekwa usiku kucha na kuchemshwa hadi zikikandamizwa kwa ulimi zinakubali, na tui lake liwe zito kiasi cha kushika kwenye hamri unapochovya. Ukiona mbaazi zimezama chini na maji meupe yamekaa juu, tui lilikuwa la pili tupu, kasimile, lile tui zito la kwanza, hakuna. Mama aliyetia kasimile utamjua. Hana haja ya kukuita.

Saa tatu zikipita, hayo yote yamekwisha. Mmoja wa wenzako, naapa, ndiye yule aliyekwenda saa nne na nusu, akakuta mahamri matatu baridi, akaenda kusema Mji wa Kale hakuna kitu.

Kwa baba mkwe: hamri moja, mbaazi apate nyingi. Chai ndiyo ya kuangalia. Mombasa chai huja na sukari tayari ndani, ya maziwa na ya mkandaa isiyo na maziwa vilevile, tena sukari ya kweli kweli. Sema "bila sukari" kabla hawajamimina, wala si baada. Juisi zetu pia, za ukwaju, za mabungo, za maembe, huwa zimeshatiwa sukari kwenye ndoo tangu asubuhi. Hakuna mhudumu atakayeitoa. Miwa inayokamuliwa mbele yenu na ndimu na tangawizi ni tamu kwa macho tu kwa mtu kama yeye. Atakachokunywa bila wasiwasi ni kahawa chungu, ile ya muuzaji mwenye dele la shaba na makaa chini yake, inayonywewa kwenye finjani bila sukari kabisa. Sisi tunaisindikiza na haluwa au kashata. Yeye aisindikize na mazungumzo.

Mkishiba, ngome ya Fort Jesus iko hapo hapo. Wareno walianza kuijenga 1593, na tangu 2011 iko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Mkitoka, jua limekuwa kali, ingieni Jahazi Coffee House pale Ndia Kuu mkakae kwenye mito. Bei yake ni ya mgeni kidogo, sikufichi, lakini mama mkwe atapata pa kunyoosha miguu na nyinyi mtapata pa kungojea biriani.

Maana Ijumaa ni biriani. Kuanzia kama saa sita na nusu maduka mengi ya Mji wa Kale hufungwa kwa swala, na watu hurudi kwenye saa nane wakiwa na njaa moja. Jiko linalopika biriani Ijumaa linajua watu hawa watakuja wote pamoja, kwa hiyo hupika sufuria kubwa na kuifunua mara moja. Hiyo ndiyo saa yako. Mimi huila Island Dishes, pale Kibokoni. Wenzako wengine watakutajia kwingine, na ukifika saa nane Ijumaa huenda wote wakawa sawa.

Biriani yetu si wali uliochanganywa na nyama. Ni vyungu viwili vinavyokutana kwenye sahani. Rojo hupikwa peke yake: nyanya, maziwa lala, thomu na tangawizi, nyama ya mbuzi au kuku, bateta (viazi) zilizokaangwa nzima nzima. Wali huchemshwa kando hadi kiini cha punje kibaki kigumu kidogo, humwagwa maji, hutiwa samli na rangi ya zafarani, kisha hufunikwa na kupaliwa makaa juu na chini. Lakini kinachoiokoa biriani au kuiua ni kitunguu. Kwa sinia za harusi nimekaanga vitunguu magunia kwa magunia, na hadi leo sikai mbali na karai lake hata kupokea simu. Kinatakiwa kitolewe mafutani kikiwa bado cha dhahabu, maana huendelea kuiva kikiwa kwenye chujio. Ukingoja kiwe chekundu karaini, kwenye sahani kitakuwa cheusi, na uchungu wake hauondolewi na nyanya wala na dua.

Kwa hiyo ikiletwa, usichanganye kwanza. Onja rojo peke yake. Likikuachia uchungu nyuma ya ulimi, kitunguu kiliungua. Likiwa na utamu wa majimaji, hakikuiva. Likiwa zito, chachu kidogo, na mafuta yamejitenga pembeni ya bakuli, kaa ule. Wali nao uinue kwa kidole: punje zianguke moja moja. Saa mbili baada ya sufuria kufunuliwa mvuke umegeuka maji na punje zimeshikana, na hapo ndipo ugomvi wa kazini kwenu unapozaliwa.

Ukitaka kuokoa mfuko, kuna njia nyingine. Wako kina mama wanaopika biriani kwa kuagizwa, kwa sinia. Sinia moja la watu wanne au watano mara nyingi hukutoka nafuu kuliko sahani tano za hotelini, na unakula nyumbani kwako Tudor, wakwe wamevua viatu. Agiza siku moja kabla, toa arbuni, na useme kama unataka mbuzi au kuku. Utawapata vipi? Muulize muuza duka wa mtaani kwako. Yeye ndiye anayewauzia samli.

Sasa samaki. Najua umewaahidi samaki, maana hakuna anayemwita mtu wa Kitale aje baharini bila kumtajia samaki. Lakini umewaita mwezi wa nane. Kusi huvuma tangu kama Aprili hadi Septemba, na wakati huo nje ya mwamba bahari ni mlima juu ya mlima. Wenye ngalawa na vidau hawatoki, au hutoka siku moja wakakaa tatu. Nguru na kolekole wa maji makuu huadimika na bei hupanda. Kaskazi, Novemba hadi Machi, bahari hulala na samaki hujaa hadi marikiti wanakuita. Mtu aliyekula samaki Januari akakusifia hoteli, na wewe ukaenda Agosti, mmekula kwenye hoteli mbili tofauti zenye jina moja.

Mwaka jana nilikuwa mgeni wa mtu, akanipeleka hoteli moja ya ufukweni, jina naliacha. Mwezi wa saba, kusi limechachamaa, minazi imelala upande mmoja. Ubao wa mlangoni umeandikwa "samaki wa leo". Nikaagiza wa kupaka. Alipokuja, nyama ilikuwa inavunjika kama pamba iliyolowa, haina utelezi wala ile kamba kamba ya samaki mbichi. Alikuwa amelala kwenye barafu muda mrefu. Tui lilikuwa jeupe sare, halina hata tone la mafuta pembeni. Tui la nazi iliyokunwa kwenye mbuzi na kukamuliwa kwa mkono, likichemka hujitenga, ukaona mafuta yanang'aa ukingoni. Lile lilikuwa la kopo. Nikamuuliza kijana aliyetuhudumia, kwa upole, samaki huyu ni wa leo ya mwezi gani. Akacheka, maskini, akasema, "Bi, mimi naleta sahani tu." Bili ilipokuja walikuwa wametia ada ya huduma, halafu akaja mwingine kusimama ubavuni angojee bakshishi.

Kwa hiyo Jumamosi fanya hivi. Kula vya ndani ya mwamba na vya mikoko, ambavyo kusi haliwazuii watu kuvipata: tafi, changu, kaa wa mikoko, ngisi kidogo. Pweza hutegemea bamvua. Mwezi ukiwa mpevu au mwandamo, maji hutoka mbali na wachokoaji huingia miambani. Nenda marikiti asubuhi mapema, au soko la Kongowea, uchague mwenyewe. Jicho liwe limetokeza na linang'aa, lisiwe limezama na kuingia ukungu. Funua shavu uone wekundu. Bonyeza ubavu, ukirudi sawa ni mzima, ukibaki na shimo mwachie mwenyewe. Halafu mpe jirani wa kukupikia, au mkeo kama ameshajifunza. Samaki wa kupaka si kazi kubwa: mchanje ubavuni, mlaze kwenye ndimu, chumvi na thomu, mchome kwenye makaa hadi ngozi ianze kupasuka, ndipo umpake tui zito lililochemshwa na ukwaju, ukirudia mara tatu au nne huku unamgeuza. Nusu ya wanaouza samaki wa kupaka hukaanga samaki na kummwagia mchuzi juu. Huyo ni wa kumwagiwa.

Na kama unataka siku moja kuwapa wakwe meza yenye kitambaa cheupe, basi ni Tamarind, kule Nyali, inayotazama Mji wa Kale kutoka ng'ambo ya maji. Ni ghali, nikwambie mapema. Pigeni simu mshike meza, mfike kabla jua halijazama, kwa sababu nusu ya unacholipia ni ule mwanga juu ya maji. Agizeni kidogo. Kwenye hoteli za namna hii soma maandishi madogo chini ya menyu kabla hujaanza kuhesabu: kuna kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16 na ushuru wa utalii wa asilimia 2, pengine na ada ya huduma, na si kila menyu imeshazijumlisha kwenye bei. Mkwe hatakiwi kukuona ukikokotoa kwa simu chini ya meza.

Jumamosi hiyo hiyo, au Jumapili, saa kumi na moja jioni, wapeleke Lighthouse, barabara ya Mama Ngina. Hapa sihitaji kubishana na mtu. Pale ukingoni palitengenezwa upya na kufunguliwa 2019, mibuyu bado imesimama, na watu wa kila namna wako pale, wenye buibui na wenye kaptura. Kwa mtu ambaye hajapata kuona bahari, meli ya makontena ikiingia mlango wa Kilindini karibu hivyo, kubwa kama mtaa, itamfanya asahau kutafuna. Nunueni muhogo wa kukaanga uliopasuliwa na kutiwa pilipili na ndimu, kachri za muhogo (vile vipande vyembamba vikavu vya kukaanga), viazi karai. Viazi karai vichagueni vikitoka mafutani mbele yenu, visiwe vile vilivyopangwa sinia nzima. Vikipoa ule unga wa nje huwa kama raba. Ukwaju wa kuchovea ndio unaotofautisha kibanda na kibanda. Dafu mwambie akate la maji, lisiwe la nyama, na baba mkwe anywe nusu, kwa kuwa dafu lina sukari yake. Pale chukua pesa taslimu za noti ndogo. Wengi wanapokea M-Pesa, lakini mtandao ukigoma saa moja usiku utakuta mnadaiwa madafu manne na giza linaingia.

Mzee ataulizia ugali. Niamini, ikifika Jumamosi mchana ataanza kuuliza huku watu hula nini. Hapa tunaita sima, na wala si aibu kuitafuta. Vibanda vya Mwembe Tayari na vya Kongowea vinaipika mchana, saa sita hadi saa nane, na samaki wa kukaanga na mchicha wa nazi. Mchicha wa nazi huenda ndio utakaomwingiza mama mkwe kwenye Pwani kabisa. Sima iliyopikwa saa sita ukaila saa kumi, sina la kusema.

Jumapili mkipata hamu ya kitu chepesi, Blue Room pale Haile Selassie wana sambusa na aiskrimu, na wamekuwepo tangu miaka ya 1950, maana yake kuna mababu waliopelekwa pale na baba zao. Barabara hiyo hiyo New Chetna wana chakula cha Kihindi kisicho nyama. Mimi si mtaalamu wa chakula cha Kihindi, nakula tu.

Mambo madogo ambayo wenyeji hawatakwambia kwa sababu kwao hayana haja ya kusemwa. Hoteli za Mji wa Kale haziuzi pombe, na usiingie na chupa yako hata kama iko kwenye mfuko. Mama mkwe awe na leso begani. Hakuna atakayemfukuza bila leso, lakini ataongeleshwa kwa upole zaidi. Mkila sinia, ni mkono wa kulia na kila mtu upande wake, usivuke kwenda kuchukua nyama ya mbele ya mwenzako. Kwa wageni ambao tumbo halijatuzoea, siku ya kwanza kachumbari na achari ziachwe, waanze na vya moto. Tazama mafuta ya karai kabla hujanunua: yakiwa meusi na yanatoa povu, pita. Na ukilipa kwa simu hotelini, soma jina linalokuja, usisome namba peke yake.

Kuna neno kuhusu bei pia. Wenzako watakwambia mahali fulani ni ghali, mahali fulani ni rahisi. Muulize alikuwa na watu wangapi na waliagiza vipi. Hoteli zetu hupakua kwa wingi. Sahani moja ya biriani inaweza kuwatosha wanawake wawili wasio na haraka. Nimeona familia ya watu sita ikiagiza sahani sita, ikala nusu, ikaenda kulalamika bei. Nyinyi ni watu wanne: agizeni sahani tatu na sahani tupu moja. Mhudumu ataelewa, na asipoelewa mwongeze tabasamu.

Wasemao mgeni siku ya tatu mpe jembe hawakuwa na wakwe, kwa hiyo Jumapili jioni ununue vya kuondokea. Kachri zifungwe kwenye mfuko wa karatasi, maana mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini tangu 2017 na hutaki kuulizwa njiani. Achari ya maembe itiwe kwenye chupa ya kifuniko cha kuzungusha, ifungwe na kitambaa, la sivyo nguo zote zitafika Kitale zinanuka siki. Haluwa ununue iliyopikwa siku hiyo. Iguse juu, kidole kizame kidogo na kirudi kikiwa na samli. Haitaki friji, itagandamana. Na mfungie mama mkwe kwenye mkoba wake yeye, wala si wa mzee.